Hakujua, au hakumaliza?

Ndugu Mhariri,

Nimesoma katika ukurasa huu barua ya msomaji mmoja aliyesema kwamba watoto wanaofeli shule za msingi siku hizi ni matunda ya wazazi wadekezaji, na kwamba dawa yao ni ile ile ya zamani: fimbo mchana na tuisheni jioni. Namheshimu, maana kwa maandishi yake anaonekana ni mtu mzima aliyeshika chaki miaka mingi. Lakini mtoto aliyemweleza yeye ni mtoro, mpiga kelele, anayejibizana na wakubwa. Wa kwangu hafanyi hata moja katika hayo, na alama zake ni mbaya kuliko za watoro. Naomba nafasi niwaeleze wasomaji mtoto wa namna hiyo, mpole lakini asiyeweza kushika umakini, kwa sababu naamini yumo karibu kila darasa na hakuna anayemtaja.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, hapa Tanga. Riziki yangu kubwa ni sare za shule. Kuanzia Desemba hadi katikati ya Januari kibaraza changu hujaa wazazi kuliko ofisi ya mwalimu mkuu, na mzazi akishamsimamisha mtoto nimpime, hapo hapo humwaga na mengine: huyu hasomi, huyu kichwa kigumu, huyu namshonea tu lakini shule haimtaki. Anayasema mtoto akisikia, mikono kaiinua, mimi nimemzungushia futi kifuani. Kwa hiyo nilikuwa nimeyasikia ya watoto wa wenzangu muda mrefu kabla ya kuletewa ripoti ya wa kwangu.

Binti yangu yuko darasa la tano. Ripoti ya mwaka jana ilisema hivi: Hisabati 9 kati ya 50, Kiingereza 11, Sayansi 14, nafasi ya 97 kati ya wanafunzi 118. Chini, kwenye maoni ya mwalimu wa darasa: “Ana nidhamu nzuri. Aongeze bidii.” Nikafukua ripoti za nyuma kutoka kwenye sanduku. Maneno ni hayo hayo tangu darasa la pili, kinachobadilika ni mwandiko.

Sasa bidii hiyo aiongeze wapi? Ripoti haisemi. Nikaona nitazame madaftari yenyewe, moja moja, usiku nilipomaliza kazi za watu. Daftari la Hisabati ndilo lililonifungua macho. Kila ukurasa unaanza kwa unadhifu ambao hata mimi ningejivunia: tarehe imepigiwa mstari kwa rula, “Zoezi la 4” limeandikwa katikati, swali la kwanza sahihi, la pili sahihi, la tatu sahihi. Baada ya hapo, weupe mtupu mpaka chini. Kurasa nyingine kalamu imeishia katikati ya tarakimu. Na pembeni, kwa wino mwekundu, 3/10.

Nataka msomaji mwenzangu, mwalimu mstaafu kama ndiye, asimame hapo kidogo. Kuna mtoto aliyejibu maswali yote kumi akakosa saba. Huyo hajui, na akifundishwa tena atajua. Kuna mtoto mwingine aliyejibu matatu, yote akayapata, saba hakuyagusa. Huyo yawezekana anajua yote kumi, ila hakuna aliyempima. Kwenye ripoti watoto hawa wawili wana alama moja, daraja moja na maoni mamoja. Wote wataambiwa waongeze bidii, na wote watapelekwa tuisheni kwa shilingi 500 kila jioni, wakakae saa mbili nyingine katika chumba kilichojaa kuliko darasa la asubuhi. Wa kwanza huenda akaambulia kitu. Wa pili amechoka tangu saa nne asubuhi, na saa hizo mbili ataziangalia tu zikipita.

Nyumbani naye ni yule yule. Umtume dukani sukari na kiberiti, atarudi na kiberiti. Kuna siku alirudi mikono mitupu, pesa imefumbatwa vile vile kiganjani, kwa kuwa njiani alisimama kumtazama fundi baiskeli akinyoosha ringi. Hakuwa na ujeuri; alipoulizwa sukari iko wapi, alishangaa kweli kweli. Sweta za shule anapoteza mpaka mwenyewe ninayezinunua nimeacha kutia jina kwenye kola, naliandika mgongoni mwa sweta kwa ndani. Ukimweleza mambo matatu kwa mkupuo, la kwanza analishika, la pili linampita, la tatu hakulisikia. Na wakati huo huo ni mpole, anasalimia, anaosha vyombo bila kutumwa (nusu yake).

Mtoto wa kiume mwenye tabia hii mara nyingi huruka juu ya dawati, hugombana, huchungulia dirishani na kupiga miluzi, na mwalimu humwona hata asipotaka. Mtoto kama wangu hamsumbui mtu. Katika darasa la watoto 118, mtoto asiyesumbua ni neema, na mwalimu anampa anachoweza kumpa: “Ana nidhamu nzuri.” Ndiyo maana wasichana wa aina hii huchelewa kugundulika. Hilo silisemi kwa kubuni, nilielezwa na daktari, nitafika huko.

Kwanza nilipitia njia ile mnayotujua nayo watu wa Tanga. Bibi mmoja mtaani akasema mtoto amepatwa na kijicho. Mwingine akasema ana mtu, yaani jini, ndiyo maana anazubaa. Kombe, yaani maji yaliyooshewa aya za Qur'ani, alikunywa, na sioni ubaya wowote. Maneno ya Mwenyezi Mungu hayamdhuru mtoto. Mganga aliyetaka kuku mweusi na elfu themanini ndiye niliyemwambia nitafikiria, na mpaka leo nafikiria.

Aliyenipa la maana ni mteja wangu, mama ambaye mwanawe alikuwa akiitwa zumbukuku darasa zima mpaka alipoonekana kuwa sikio moja lilikuwa likitoa usaha tangu utotoni, na upande huo hasikii karibu kitu. Mwalimu alikuwa akisimama upande huo. Basi. Mtoto akatibiwa, akahamishiwa upande wa pili, na uzumbukuku ukaisha. Nikaenda hospitali yetu ya Bombo na binti yangu. Macho yakapimwa, mazima. Masikio, mazima. Damu ikapimwa, maana mtoto aliyepungukiwa damu naye husinzia na kuzubaa, na huku kwetu malaria na minyoo havijatuacha. Damu ilikuwa nzuri. Ilikuwa furaha na si furaha, kwa kuwa nilitamani sana nipewe kitu cha kutibu kwa chupa moja.

Ndipo shemeji yangu aliyeko Dar es Salaam akaniambia nimpeleke Muhimbili, kitengo cha afya ya akili. Hapo ndipo jirani alipouliza, kwa sauti ya kusikika mpaka barabara ya pili, “Mtoto mzima mnampeleka kwa wehu?” Nikampeleka.

Daktari hakumtoa damu wala hakumpiga picha ya kichwa. Alisema hakuna kipimo cha namna hiyo. Kinachopima ni maswali, na maswali yalikuwa mengi mpaka nikaanza kutamani sindano. Alizaliwaje? Analala saa ngapi? Yalianza lini? Yanaonekana shuleni tu au na nyumbani? Kuna msiba, ugomvi, mtu anayemtisha? Alieleza kwamba hali yenyewe, ambayo wataalamu huita kwa kifupi ADHD, yaani tatizo la kushika umakini na kutulia, lazima dalili zake ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, zidumu kwa miezi sita au zaidi, na zionekane mahali pasipopungua pawili. Mtoto anayezubaa shuleni tu, huenda tatizo liko shuleni. Akauliza kama katika ukoo yupo mwingine wa hivyo, maana hali hii hurithiwa sana. Nilipomrudishia mama mkwe swali hilo kwa simu, alicheka mpaka akakohoa. “Mwulize mumeo alifikaje darasa la saba,” akasema.

Mume wangu ni dereva wa lori. Safari ya usiku kucha haimshindi, lakini karatasi za mzigo huzisahau kila kituo. Tangu siku ile ameacha kusema kwamba mtoto amerithi uvivu wa shangazi yake.

Dawa zipo kwa baadhi ya watoto, daktari hakuficha, lakini kwa huyu alitaka tuanze na mpangilio: kulala mapema, maelekezo mafupi, kazi iliyokatwa vipande, mtoto akae karibu na mwalimu, na asifiwe papo hapo anapomaliza kidogo. Nikawa natikisa kichwa kwa heshima, moyoni nikisema haya ni maneno ya semina, yatafanyika wapi katika darasa la watu 118? Mpaka nilipokuwa kwenye basi kurudi Tanga, tumefika Segera, ndipo nilipokumbuka kwamba mtoto huyu huyu chuoni hafeli.

Chuoni, yaani kwa mwalimu wake wa Qur'ani, anakwenda kila alasiri. Amehifadhi kutoka sura ya Annas mpaka ya Abasa, karibu Juzuu Amma nzima, ile sehemu ya mwisho ya Qur'ani, na wengine wa umri wake bado wako nyuma. Nilikuwa nikilichukulia kama baraka tu, sikuwahi kujiuliza kwa nini. Safari hii nikakaa nje ya ukuta wa chuo, ushonaji mapajani, nikasikiliza. Watoto wameketi kwenye mkeka, kila mmoja na sura yake, kelele tupu. Ukiwaona utasema hakuna mtu anayejifunza kitu hapo. Lakini mwalimu anawaita mmoja mmoja. Mtoto anainuka, anakaa mbele yake magoti yakikaribia kugusana, anasoma aya zake chache, akikosea anasahihishwa neno lile lile, akipata anaongezewa aya mbili tatu, anarudi mkekani kuzirudia. Baada ya muda anaitwa tena. Hakuna nafasi ya 97. Aliyeko Abasa yuko Abasa, aliyeko Alfiil yuko Alfiil, na hakuna anayewasomea wazazi orodha.

Kipande kifupi, masahihisho papo hapo, kuinuka na kurudi, karibu na mwalimu. Kila alichokisema daktari wa Muhimbili kilikuwa kikifanyika pale mtaani, na mwalimu mwenyewe nilipomweleza alinitazama kama niliyemwambia kwamba maji ni majimaji. Bakora ipo pia pale, sitawadanganya wasomaji. Lakini binti yangu haijawahi kumfikia, na amehifadhi.

Basi nikaleta mtindo huo kwenye kibaraza changu. Nimemkatia kadibodi ya boksi la vitambaa. Anaiweka juu ya kitabu, yanabaki wazi maswali matatu. Akiyamaliza anainuka, ananiletea kwenye cherehani. Natoa mguu kwenye pedali, natazama, nasema sawa au rudia hili, anarudi, anashusha kadibodi. Pale ninapokwama mimi, kwa kuwa elimu yangu ni ya darasa la saba, anamwuliza kaka yake. Tunafanya hivyo baada ya swala ya alfajiri, kichwa kikiwa bado kipya na mtaa haujaamka, na usiku tamthilia kwa jirani zimepigwa marufuku, jambo ambalo limeniletea uadui kuliko Hisabati. Sijaja hapa kutangaza muujiza. Muhula huu Hisabati imetoka 9 kwenda 22, Sayansi imepanda kidogo, Kiingereza bado kinachechemea. Sukari bado anaisahau, siku hizi namwandikia kiganjani.

Nilimfuata pia mwalimu wake wa darasa, na hapa nataka nimtetee. Kanuni inataka mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Yeye ana 118, wamebanana watatu watatu kwenye dawati, wengine wanne. Nilipomwomba amweke binti yangu mbele, alijibu kwa upole, “Mama, mbele kuna madawati manne tu, na kila mzazi anataka mbele. Nimtoe nani?” Sikuwa na jibu siku ile. Sasa ninalo. Daktari aliniambia kwamba kwa tafiti za nchi nyingi zilizowekwa pamoja, watoto wenye hali hii ni kama 5 katika kila 100. Katika darasa lake basi wapo kama sita. Watoto sita, watatu watatu, ni madawati mawili. Yanabaki mawili kwa wasioona mbali na wasiosikia vizuri. Nilimrudia nikampigia hesabu hiyo kwa chaki yangu ya kukatia nguo, akacheka, na Jumatatu iliyofuata mtoto alihamishwa. Akipita na kumkuta amezubaa, anagonga dawati kwa kidole, hasemi kitu, anaendelea kufundisha.

Kuhusu fimbo sitachukua nafasi kubwa. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema adhabu hiyo ni kwa makosa makubwa ya utovu wa nidhamu, itolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, isizidi viboko vinne, na iandikwe kwenye daftari maalumu. Kukosa maswali saba ya kuzidisha si utovu wa nidhamu. Anayemchapa mtoto kwa ajili hiyo, hata awe na nia njema kiasi gani, anafanya kitu ambacho hata kanuni inayoruhusu viboko haikukiruhusu.

Kinachoniuma kuliko fimbo ni kile kikao cha wazazi ambapo nafasi zinasomwa kwa sauti, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, watoto wakiwa wamesimama ukutani. Baraza la Mitihani la Taifa lenyewe, Januari 2023, liliacha kutangaza wanafunzi kumi bora na shule kumi bora. Ikiwa taifa zima limeona halina haja ya kumtangaza wa kwanza, mtaa wetu una haja gani ya kumtangaza wa 118? Mzazi apewe bahasha yake, asome, aulize anachotaka kuuliza. Baada ya kikao cha mwisho nilimwona mama mmoja akimvuta mtoto sikio kutoka ukutani hadi getini. Mtoto huyo nilimpima sare Januari; ndiye yule mama yake aliyesema kichwa chake kigumu. Nilipomwuliza mama huyo kama mwanawe amewahi kupimwa macho, alidhani namtania.

Nimesema wazi kwa mwalimu mkuu na nasema tena hapa, labda na wa shule nyingine watasoma: mwalimu anaposahihisha, asiandike 3/10 peke yake. Aandike na idadi ya yaliyojaribiwa. Tatu kati ya tatu, saba hayakuguswa. Ni wino wa tarakimu moja zaidi, na mzazi hata asiyejua kusoma vizuri ataona tatizo liko wapi. Na kabla mtoto hajaambiwa akariri darasa au apelekwe tuisheni, mzazi aagizwe kwanza alete karatasi ya hospitali ya macho na masikio. Wanatuagiza fagio, jembe na ndoo kila Januari na tunaleta. Na hiyo tutaleta.

Kwako wewe Mhariri, nina ombi moja linalokuhusu. Gazeti lako huchapisha ratiba za ligi na bei za mazao. Tuchapishie na orodha ya hospitali, mkoa kwa mkoa, zinazopima usikivu wa mtoto na zenye daktari wa afya ya akili anayeona watoto, pamoja na siku za kliniki na gharama zake. Mimi nilikuwa na shemeji Dar wa kuniambia pa kwenda, na mahali pa kulala. Wateja wangu wengi hawana. Orodha hiyo ukiichapa nitaibandika hapa kibarazani, juu ya kioo cha kujipimia, na Desemba wataisoma wote.

Jina langu na namba ya simu unavyo. Naomba usivichapishe, kwa ajili ya mtoto.

Fundi Cherehani,
Ngamiani, Tanga